Kupanda Ruwenzori: Je, Ni Halali Mtu Kuhatarisha Uhai kwa Ajili ya Mlima?

Swali lenyewe

Mtu akitoka Bunia akafuata njia ya Komanda, akapita Beni, akaendelea mpaka Mutwanga, hufika chini ya mlima mrefu kuliko yote ya Congo. Jina lake ni Ruwenzori. Kilele chake cha juu huitwa Margherita, nacho kina urefu wa meta 5,109, pale hasa upitapo mpaka wa Congo na Uganda. Katika Afrika yote ni Kilimanjaro na Mlima Kenya tu iliyo mirefu kuupita. Ingawa ikweta i karibu sana, kichwani pake pana theluji na barafu.

Kila mtu wa Ituri ajua maana ya kuhatarisha uhai. Mchimbaji wa dhahabu huko Mongbwalu huingia shimoni akijua ya kuwa udongo waweza kumfunika. Mvuvi wa Kasenyi huingia ziwani usiku akijua ya kuwa dhoruba haipigi hodi. Lakini hao wana sababu: nyumbani mna watoto, na watoto hula kila siku. Aupandaye Ruwenzori kwa matembezi hana sababu ya namna hiyo. Hatafuti dhahabu, wala samaki, wala shamba, wala nyama. Hupanda siku kadhaa katika mvua na matope, hukaa kileleni muda mfupi, hutazama mawingu, kisha hushuka mikono mitupu. Katika milima ya namna hiyo wengine huvunjika miguu, wengine hufa.

Basi swali ndilo hili. Uhai ni amana ya Mungu. Amri ya tano yakataza kuua, nayo humlinda mtu na mkono wake mwenyewe kama inavyomlinda na mkono wa jirani. Je, mtu aweza bila kosa kuihatarisha amana hiyo kwa ajili ya mlima usiompa kitu? Na akiwalipa wengine wamchukulie mizigo, je, aweza kuihatarisha na amana yao?

Mlima na njia yake

Kabla ya kulihukumu jambo, yapasa kulijua. Safari ya upande wa Congo huanza Mutwanga, katika mashamba ya migomba, kahawa na kakao. Juu ya mashamba ndipo ulipo mpaka wa hifadhi ya taifa, na ndani yake mna msitu mnene. Kituo cha kwanza cha kulala ni Kalonge, kwenye meta zipatazo 2,100. Kutoka hapo njia hupita katika mianzi, kisha katika miti yenye majani madogo kama sindano, iliyovikwa kuvumwani laini kama sufu, hata mtu hudhani yumo katika nyumba ya kijani isiyo na sauti. Kituo cha pili ni Mahangu, kwenye meta zipatazo 3,300. Cha tatu ni Kiondo, juu ya meta 4,000. Pande za huko pana maziwa madogo yaitwayo kwa rangi ya maji yake, Ziwa Jeusi na Ziwa la Kijani. Mimea ambayo jamii zake mahali pengine hazifiki magotini, huko humpita mtu kwa kimo. Baada ya hapo hakuna tena mti. Ni mawe, na juu ya mawe ni barafu.

Mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Miezi iliyo afadhali ni ya Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, lakini hata katika miezi hiyo nguo hukauka kwa shida. Juu ya barafu mna nyufa zilizofunikwa na theluji, mtu asizione mpaka zimemmeza. Kwa hiyo wapandaji hujifunga pamoja kwa kamba moja, ili mmoja akianguka wenzake wamzuie.

Tena hewa ya huko ni nyepesi. Kileleni, hewa aivutayo mtu ina nguvu kama nusu tu ya ile ya pwani. Kwa ajili ya hiyo wengi hupatwa na maradhi ya mlimani. Huanza kwa kuumwa kichwa, kutapika na kukosa usingizi. Yakizidi, mgonjwa huyumba kama mlevi, husema maneno yasiyo na maana, au hukohoa povu na kukosa pumzi hata akiwa ameketi. Hapo maji yameingia mapafuni au ubongo umevimba, na kifo kiko mlangoni. Maradhi haya hayachagui. Humpata kijana mwenye nguvu kama mzee, mwenyeji kama mgeni. Dawa yake ya kwanza ni moja: kushuka upesi, hata usiku.

Habari za mlima huu zilifika Ulaya kwa kupitia nchi ambayo leo ni Ituri. Tarehe 24 Mei 1888, karibu na ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert, kijana mmoja wa msafara wa Stanley alimwonyesha bwana wake mlima wa mbali, ambao watu walisema umefunikwa na chumvi. Haikuwa chumvi, ilikuwa theluji. Mwaka 1906, tarehe 18 Juni, Mtawala wa Abruzzi, wa ukoo wa kifalme wa Italia, alifika kileleni akitokea upande wa Uganda. Mwaka 1932 msafara wa Wabelgiji, ulioongozwa na Xavier de Grunne, ulipanda kutoka upande wa Congo. Tangu hapo njia imejulikana.

Maoni matatu

Watu hawasemi neno moja juu ya safari hizi.

Wazee wengi husema: Huo ni upumbavu. Mtu mwenye akili hupanda mlima kwa sababu ng'ombe wake amepotelea huko. Hawa wamepoteza nini?

Vijana wengine husema: Kila mtu na mwili wake. Akitaka kufa juu ya barafu, na afe, shauri lake.

Na wenye biashara husema: Swali hili halina kazi. Mgeni huleta fedha. Mpagazi hupata mshahara, mama muuza ndizi hupata mteja. Mradi fedha zaingia kijijini, jambo ni jema.

Maoni haya matatu yafaa kuchunguzwa moja moja, kwani kila moja lina kipande cha kweli, na hakuna hata moja lililo kweli nzima.

Je, kisicho na faida ni cha bure?

Neno la wazee si geni duniani. Mwaka 1336 mwandishi Petrarca wa Italia alipanda na ndugu yake mlima Ventoux katika nchi ya Ufaransa, mlima wa meta zipatazo 1,900, kwa hamu tu ya kuona. Chini ya mlima walimkuta mchungaji mzee. Mzee huyo aliwasihi waache. Alisema ya kuwa yeye mwenyewe aliupanda miaka hamsini iliyopita, akapata uchovu, majuto na nguo zilizoraruka. Mzee wa Mutwanga angemwelewa mara moja.

Walakini neno hilo lataka kupimwa. Jembe latafutwa kwa ajili ya shamba. Shamba kwa ajili ya chakula. Chakula kwa ajili ya uhai. Vema. Na uhai ni kwa ajili ya nini? Mtu akijibu kwamba uhai ni kwa ajili ya kulima, amezunguka akarudi alipoanzia, kama ng'ombe aliyefungwa kigingini. Hapana budi basi kuwe na vitu vinavyotafutwa kwa ajili yake vyenyewe, ambavyo kwa ajili ya hivyo kazi nyingine zote zina maana. Kujua kweli ni kimoja. Kumpenda mtu ni cha pili. Kustaajabia kilicho kizuri ni cha tatu. Mama amwimbiaye mtoto ambaye amekwisha kulala hapati faida. Watoto wachezao mpira wa majani ya migomba jioni hawapati faida. Wala hakuna mwenye akili awaitaye wapumbavu. Kama kila kitu kisicho na faida kingeondolewa, maisha yangebaki ghala lililojaa na nyumba isiyo na mtu.

Kuupanda mlima ili kuiona kazi ya Mungu ni katika jamii ya vitu hivyo. Kanisa lenyewe lina mifano. Padre Achille Ratti wa Italia aliupanda Monte Rosa mwaka 1889 kwa njia ngumu, pamoja na padre mwenzake na viongozi wa njia. Naye mwaka 1922 akawa Papa Pio XI. Kijana Pier Giorgio Frassati wa Torino, aliyependa milima na maskini sawasawa, alifariki mwaka 1925 akiwa na umri wa miaka 24, akatangazwa mtakatifu mwaka 2025. Kama kupanda mlima bila haja kungekuwa dhambi kwa tabia yake, watu hao wasingewekwa mbele ya Wakristo kuwa mfano.

Lakini ipo tofauti moja ambayo wazee waliinusa, hata kama hawakuitaja. Kupanda ili kuona ni jambo moja; kupanda ili kuonekana ni jingine. Aliye na hamu ya kuona hufurahi hata akirudishwa na mvua pale Mahangu, kwani amekwisha kuona msitu na mianzi. Aliye na hamu ya kuonekana hawezi kurudi, kwa sababu atakosa la kujisifia. Na huyo wa pili ndiye mlima humwua zaidi, tena huwaua na wale walio naye.

Ushujaa na kujitia hatarini ovyo

Aristotle, mwenye hekima wa zamani wa Wagiriki, alifundisha ya kuwa ushujaa umesimama katikati ya makosa mawili. Upande mmoja ni mwoga, aogopaye hata lisilofaa kuogopwa. Upande wa pili ni mjasiri wa ovyo, asiyeogopa hata lifaalo kuogopwa. Shujaa huogopa kwa kiasi kipasacho, kisha hutenda lipasalo. Kwa hiyo mtu asiyeogopa barafu ya Ruwenzori si shujaa, haijui barafu.

Ni nini basi kimtofautishacho mmoja na mwingine? Ni mambo matatu. La kwanza, kitu kinachotafutwa kiwe na thamani. Kustaajabia na kujifunza vina thamani, lakini kushinda mabishano ya baa havina. La pili, mtu awe amefanya yote yaliyo katika uwezo wake ili kuipunguza hatari: nguo, viatu, kamba, mwendo wa polepole, kiongozi aijuaye njia. La tatu, moyo wake uwe tayari kurudi. Mwenye hayo matatu amepunguza hatari iliyokuwa mikononi mwake. Iliyobaki huikabidhi kwa Mungu. Asiye nayo anamjaribu Mungu, yaani anamlazimisha atende muujiza ili kuuokoa uzembe.

Hata hivyo, mfano mmoja waonyesha jinsi mstari huo ulivyo mwembamba. Hifadhi inayoushika upande wa Congo wa Ruwenzori ilianzishwa mwaka 1925, ikiwa ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Iliitwa kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, mpaka mwaka 1969 ilipopewa jina la Virunga. Mfalme huyo alikuwa mpandaji hodari. Tarehe 17 Februari 1934 alikwenda kupanda mawe ya Marche-les-Dames katika nchi yake, mahali pasipo barafu wala hewa nyepesi. Alimwacha mtumishi wake chini, akapanda peke yake. Usiku walimkuta amekufa. Alikuwa na umri wa miaka 58, na alikwisha kuzishinda hatari kubwa kuliko ile. Hakuna awezaye kuhukumu moyo wake. Lakini kila mtu aweza kujifunza ya kuwa ufundi wa miaka mingi hauchukui nafasi ya mwenzi mmoja na kamba moja.

Na hapo ndipo neno la vijana huanguka. Kila mtu na mwili wake, husema. Lakini mlimani hakuna aangukaye peke yake. Akianguka, huivuta kamba waliyofungwa wenzake. Akipotea, wapo watakaokwenda kumtafuta katika ukungu, nao wana wake na watoto. Akifa, mama yake hatajibiwa kwa kuambiwa kwamba mwili ulikuwa wa mwanawe. Katika miaka hii ya vita jambo hili limekuwa zito zaidi. Mara nyingi hatari ya silaha imeifunga njia ya mlima kwa wageni, na njia ya Komanda hadi Beni imemwaga machozi mengi. Tangu hifadhi ianzishwe, walinzi wake zaidi ya 200 wameuawa kazini. Msafiri aingiaye mahali palipokatazwa kwa kusema kwamba ni shauri lake, amesahau ya kuwa atakayetumwa kumtoa ni mtoto wa mtu.

Mzigo mgongoni mwa mwenzio

Sasa lafika jambo lililo zito kuliko yote. Wahenga wamesema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mgeni hupanda kwa hiari na kwa furaha. Mpagazi hupanda njia ile ile, katika mvua ile ile, na hatari ile ile, ila hana furaha ile. Yeye hutafuta chakula. Mmoja ahatarisha uhai kwa ajili ya uzuri, na mwingine ahatarisha uhai kwa ajili ya hamu ya yule wa kwanza. Je, ni haki?

Na iwe hivi. Msafiri mmoja ameajiri kiongozi na wapagazi wanne kwa safari ya siku sita. Wamepatana ya kuwa nusu ya mshahara italipwa mwisho, kama wote watafika kwenye kituo cha juu. Walipofika Kiondo, mpagazi mmoja, kijana mwenye mtoto mchanga nyumbani, hakula. Usiku alikohoa. Asubuhi kiongozi alimwona ameuegemea ukuta, akivuta pumzi kwa shida.

"Mwanangu, wewe u mgonjwa," kiongozi alimwambia.

"Hapana, mzee. Ni baridi tu. Nitaweza."

Kiongozi alijua ya kuwa hataweza. Akamwendea msafiri, akamweleza. Msafiri akajibu ya kuwa mbingu zimefunguka leo, tena kesho kutwa hana budi kuanza safari ya kurudi kwao. Kijana na apumzike peke yake kibandani, nao watamchukua jioni.

Katika habari hii wamo watu watatu, na kila mmoja ana wajibu wake.

Msafiri akosa mara mbili. Kosa la leo ni kutaka kumwacha mgonjwa asiyeweza kujisaidia, huku dawa yake ni kushuka. Lakini kosa lililo la asili alilifanya kule chini, siku ya mapatano. Aliufunga mshahara kwenye mahali, badala ya kuufunga kwenye siku za kazi. Kwa mapatano hayo alimfundisha kijana kusema uongo juu ya mwili wake. Mapatano yamfanyayo maskini aufiche ugonjwa wake ni mapatano maovu, hata kama pande zote mbili zimeyakubali kwa hiari; kwani hiari ya mwenye njaa si hiari nzima. Mshahara hununua kazi ya mtu. Haununui mapafu yake, wala haki yake ya kusema, "Naumwa."

Kijana naye hana hatia kama ya msafiri, lakini hakukosa wajibu. Mwili wake si mbuzi auzwaye sokoni. Mtoto mchanga aliye nyumbani amhitaji baba kuliko nusu ya mshahara. Kuisema kweli juu ya ugonjwa wake si aibu; ni kuilinda amana.

Na kiongozi? Labda atajaribiwa kusema uongo wenye huruma: kwamba barafu imepasuka, au kwamba dhoruba yaja. Asifanye hivyo. Uongo wa leo utamwondolea nguvu neno lake la kesho, siku barafu itakapopasuka kweli. Na aseme waziwazi: "Bwana, mtu huyu atakufa akikaa hapa. Mimi nashuka naye sasa." Juu ya mlima neno la mwenye kuijua njia lipite neno la mwenye kulipa. Msafiri asiyekubali jambo hilo kabla ya kuanza safari, afadhali asichukuliwe hata kama mfuko wake umejaa.

Kwa hiyo neno la wenye biashara nalo halitoshi. Ni kweli kwamba fedha ya mgeni husaidia kijiji. Kumnyima mpagazi kazi kwa kisingizio cha kumhurumia si huruma. Lakini fedha ni njema ikija pamoja na haki. Katika Kilimanjaro, huko Tanzania, mizigo ya wapagazi hupimwa, na kipimo chake ni kilo 20. Hilo ni jambo dogo la mizani, lakini ndani yake mna ukiri mkubwa: ya kuwa mgongo wa mtu una mwisho. Na blanketi, viatu na chakula cha moto ni haki ya mpagazi. Si zawadi.

Yapasa pia kuyatazama majina. Milima sita mikubwa ya Ruwenzori huitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Vilele viwili vya juu, Margherita na Alexandra, huitwa kwa majina ya malkia wa Italia na wa Uingereza, wanawake ambao hawakuyakanyaga hata matope ya chini. Wapagazi wa Kikonjo waliopanda mwaka 1906 na mizigo ya msafara katika mabonde ya juu hawana hata jiwe moja kwa jina lao. Kubadilisha ramani si kazi ya kila mtu. Lakini kila mtu aweza kumwuliza amchukuliaye mzigo, "Ndugu, waitwa nani?" na kulikumbuka jina hilo atakapoisimulia safari yake.

Mlima ni wa nani?

Liko swali la mwisho. Wanande wa Congo na Bakonjo wa Uganda, walio ndugu kwa lugha na kwa asili, wamekaa chini ya mlima huu tangu zamani. Wahenga wao walimtaja Kitasamba kuwa roho mwenye enzi katika theluji, wala hawakuingia huko kwa mzaha. Mkatekumeni ajua ya kuwa Mungu ni mmoja, na ya kuwa theluji ni kiumbe chake. Walakini asiwacheke wazee. Heshima yao iliulinda mlima kabla ya kuwapo mlinzi yeyote. Aliyeacha kumwogopa Kitasamba kisha akatupa makopo na plastiki katika Ziwa la Kijani hajasogea mbele. Amepoteza heshima bila kupata imani.

Mwaka 1925 serikali ya kikoloni haikuwauliza wenyeji ilipoanza kuzifunga nchi zao. Hata leo, mtu wa Mutwanga mwenye shamba dogo hukatazwa kulima, kukata mti au kuwinda ndani ya mpaka, naye humwona mgeni akiingia kwa furaha. Huumia moyoni, na maumivu yake si wivu mtupu. Ni nini kiwezacho kuihalalisha sheria hiyo? Si furaha ya wageni. Ni faida ya wote. Msitu ule huyashika maji ya mvua. Mto Butawu hushuka humo, huingia katika Semliki, na Semliki huingia katika Ziwa Albert, kisha maji huenda mpaka Nile. Mvuvi wa Kasenyi na wa Tchomia, ambao labda hawatauona Ruwenzori kwa karibu, huvua katika maji yake. Maji ya mlima ndiyo yazungushayo pia mashine za umeme zilizojengwa Mutwanga mwaka 2013. Msitu ukikatwa, atakayeumia kwanza ni mkulima wa chini yake, si mgeni. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, anayenyimwa shamba kwa faida ya wote yapasa wote wamkumbuke: kwa kazi, kwa umeme, kwa shule, na kwa kuulizwa shauri lake. Kumtwika jirani mzigo wa faida ya watu wote, kisha kumwacha na njaa, ni kosa lile lile la msafiri wa Kiondo, ila mahali pake ni papana zaidi.

Na mlima wenyewe wabadilika. Mwaka 1906 barafu ilikuwako juu ya milima yote sita. Leo ile ya Emin, ya Gessi na ya Luigi di Savoia imekwisha kabisa, na iliyobaki kwingine yapungua mwaka kwa mwaka, kwa sababu dunia imezidi kuwa na joto. Moshi ulioleta joto hilo haukutoka katika majiko ya Mutwanga. Sehemu kubwa ilitoka katika viwanda na magari ya nchi za mbali, zile zile ambazo wapandaji wengi hutokea. Huenda mtoto wa mpagazi atawasimulia wajukuu wake habari za theluji, nao wasimwamini, kama vile watu wa zamani walivyodhani ni chumvi. Basi amtazamaye mlima kwa mapenzi asiishie kutazama. Na ajiulize afanyavyo akisharudi kwake.

Kwa ufupi, ili kukumbukwa

Je, ni dhambi kupanda mlima bila haja?
Si dhambi. Kustaajabia kazi ya Mungu ni jambo jema, wala jema halihitaji daima kuleta faida.

Ni lini kuhatarisha uhai mlimani huwa kosa?
Ni pale mtu apandapo kwa majivuno, au bila matayarisho, au akikataa kurudi inapopasa kurudi.

Je, mtu aweza kusema, "Mwili ni wangu"?
Hawezi. Uhai ni amana, na kuanguka kwake huwavuta wengine.

Mwenye kulipa adaiwa nini na mpagazi?
Mshahara wa siku za kazi, mzigo wa kiasi, nguo na chakula cha kutosha, na uhuru wa kusema kwamba ni mgonjwa bila kupoteza haki yake.

Nani aamue kurudi?
Mwenye kuijua njia. Na kila mtu katika kamba humtii, tajiri kama maskini, Mlendu kama Mhema, Mnande kama mgeni wa ng'ambo; kwani juu ya barafu kamba haiulizi kabila.

Mlima ni wa nani?
Ni wa Mungu. Watu wameazimwa: wa chini yake kwanza, kisha wanaokunywa maji yake, kisha wanaokuja kuutazama, na baada yao wale ambao hawajazaliwa.